Kuikinga chasisi ya Land Rover 110 dhidi ya kutu: kuanzia nyundo hadi nta

Ukikuta Land Rover 110 ya miaka ya themanini au tisini imeegeshwa Tanga, Kilwa au Malindi, utaona bodi imebonyea huku na kule lakini haina kutu. Sababu ni aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma nchini Uingereza kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo kufuatia vita, wakati aluminiamu ilikuwa inapatikana, basi mabati ya nje yakatengenezwa kwa hiyo. Chasisi ilikuwa ya chuma, na iliendelea kuwa ya chuma hadi Defender ya mwisho ya namna hiyo ilipotoka kiwandani Solihull Januari 2016. Ndiyo maana gari hili huzeeka kuanzia chini, na mwenye mazoea ya kuliosha juu tu hushtuka siku ambayo krosimemba ya nyuma, yaani mhimili wa kukingama unaounganisha ile mirefu, inang'oka pamoja na ndoano ya trela.

Nimeandika kwa kuifikiria 110 yenye springi za koili, iliyoanza kutoka mwaka 1983. Utaratibu ni uleule kwa Land Cruiser za 70, Hilux na Patrol za zamani. Kinachobadilika ni mahali pa kutazama. Jambo moja likae akilini tangu mwanzo: chasisi hii ni mihimili miwili mirefu ya boksi, yaani ina uwazi ndani, na kutu mbaya huanzia humo ndani na kutokeza nje ikiwa imeshamaliza kazi. Gereji nyingi hupaka nje, zikakabidhi gari linang'aa. Kazi ya nje ni nusu tu.

Nyundo kwanza, rangi baadaye

Usinunue hata brashi kabla ya kukagua. Egesha gari kwenye sakafu ya zege, lipandishe, uliweke juu ya stendi nne za chuma zilizosimama sawasawa. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa, na jeki ni ya kupandishia tu. 110 tupu ina uzito wa karibu tani mbili, na wewe utakuwa chini yake siku kadhaa.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya ubapa, pita chasisi nzima ukigonga kila upana wa kiganja. Chuma kizima hulia, na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, nyundo haidundi, na mara nyingi utasikia vumbi la kutu likimwagika ndani ya boksi mithili ya mchele kwenye debe. Pale penye sauti hiyo, chokonoa kwa bisibisi. Ikizama, hapo si pa kupaka rangi, ni pa kukata.

Kwenye 110, tumia muda mwingi nyuma. Tanki la mafuta linakaa katikati ya mihimili, mbele kidogo ya krosimemba ya mwisho, na tope la miaka yote hulala juu ya tanki na nyuma yake, halikauki hata kiangazi. Baada ya hapo nenda sehemu ambazo mihimili inapinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwa sababu tairi hurusha maji moja kwa moja pale. Halafu mikono ya pembeni inayobeba bodi, hasa ile inayoshika ukuta wa chuma nyuma ya injini. Huo ukuta nao si aluminiamu, na huoza miguuni. Mbele, tazama mahali bampa linapofungwa, na vikombe vinavyokalia springi. Pia angalia kila mahali aluminiamu ya bodi inapogusana na chuma. Ukiona unga mweupe, metali hizo mbili zimekuwa zikifanya kazi ya betri kwa msaada wa maji ya chumvi, na aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Ukikuta chini pote pamepakwa lami nyeusi, usifurahi. Lami juu ya chuma safi inasaidia kiasi, ila juu ya kutu inafunika unyevu na kuuacha uendelee kula kwa utulivu. Ikwaruze. Kama inabanduka kwa vipande vikubwa vyenye ganda la kahawia mgongoni, yote itabidi itoke. Na kama unakagua gari la kununua na lami hiyo bado inanukia upya, gonga mara mbili zaidi, kisha zungumza bei.

Ukimaliza kugonga, amua. Mashimo kwenye mikono ya pembeni na krosimemba ya nyuma ni kazi ya kawaida; vipande hivyo hutengenezwa na kuuzwa kimoja kimoja. Lakini mihimili mikuu ikiwa imetoboka sehemu nyingi, hasa karibu na vikombe vya springi na mahali mikono ya ekseli inapofungwa, unachohitaji ni chasisi nyingine. Uingereza wanatengeneza mpya zilizochovywa kwenye zinki ya moto, ambazo hudumu sana. Hapo kuna suala la namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia, upande wa mbele, na ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Kabla ya kukata chochote karibu nayo au kubadilisha chasisi, pita kwanza TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, ujue wanataka nini kwa maandishi. Hata kama unapaka rangi tu, piga picha ya namba, ifunike kwa tepu ya karatasi, na mwisho uipake rangi nyembamba inayosomeka. Grenda isiiguse kabisa.

Chagua msimu

Pwani ya Tanzania na Kenya, miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri kwa kazi hii. Hewa ina ubaridi, mvua ni chache. Masika usijaribu. Kaskazi kuna joto, lakini unyevu ni mwingi, na unyevu ndio unaoharibu rangi.

Kanuni ya watu wa rangi za viwandani ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande. Hesabu moja itakuonyesha kwa nini. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza kwenye nyuzi 26 hivi. Basi chuma chako lazima kiwe nyuzi 29 au zaidi. Asubuhi chasisi bado imeshika baridi ya usiku, iko chini ya hapo, na ingawa huoni tone, kuna utando wa maji juu yake. Kwa hiyo paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ukiacha jua la jioni limalizie kukausha. Vipimajoto vidogo vyenye kipima unyevu vinauzwa kwa bei ya kawaida. Kimoja kitakuokolea madebe ya rangi.

Kuosha nje na ndani

Fungua unachoweza kufungua bila kuliua gari: tanki la mafuta, vizibo vya plastiki, madigadi, kinga za tope, bampa, ndoano ya trela. Krosimemba iliyo chini ya gia boksi inafungwa kwa bolti, kwa hiyo nayo inatoka. Lakini utegemeze gia boksi kwanza. Kutoa bodi nzima ni bora kuliko yote, na kwa Land Rover si jambo gumu kama linavyosikika, mradi una watu sita na mahali pa kuiweka. Wengi hatuna, na kazi inawezekana bodi ikiwa juu. Bolti zilizokwama zilowekwe mafuta ya kupenya tangu jana yake. Zikigoma bado, zikate. Bolti mpya ni rahisi kuliko sikio la chasisi lililovunjika. Piga picha za nyaya na mabomba ya breki kabla ya kuvilegeza.

Anza kwa kutoa grisi na oili: dizeli na brashi kwenye magome mazito, kisha sabuni ya kuoshea injini au sabuni ya unga na maji ya moto ili dizeli yenyewe isibaki. Mpangilio huu una maana. Ukipiga msasa juu ya oili, unaisugulia ndani ya mikwaruzo na haitoki tena.

Kisha ndani ya boksi. Chini ya mihimili kuna matundu ya kutolea maji, na kwenye gari la umri huu mengi yameziba. Yazibue kwa waya mnene au bisibisi nyembamba. Ingiza hosi kwenye tundu la mbele, fungulia, uangalie nyuma. Kwanza hayatoki maji. Halafu inakuja supu ya kahawia yenye maganda bapa ya kutu, mengine makubwa kama kucha, udongo mwekundu wa barabara za bara, na wakati mwingine mchanga mweupe wa pwani ambao mwenye gari wa kwanza ndiye anajua ulikotoka. Endelea mpaka maji yatoke masafi. Mashine ya presha ya pale wanapoosha magari inafaa sana kwa hili, ikiwa wana mpira mwembamba unaoingia ndani.

Maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa vina chumvi, na kuosha chasisi kwa maji hayo ni kuipaka kile unachotaka kuondoa. Kwa gari lililofanya kazi kando ya Ziwa Natron, Magadi au Manyara, au lililobeba samaki wa barafu, osha mara mbili, siku tofauti. Magadi na chumvi vyote hunyonya unyevu hewani na kuushikilia kwenye chuma.

Halafu acha likauke. Siku mbili za jua kali na upepo ndiyo kima cha chini. Kama una kompresa, puliza hewa ndani ya mihimili kwa muda mrefu, na uinamishe gari kidogo kwa kushusha upande mmoja ili maji ya pembeni yapate njia.

Kutoa kutu

Njia bora ni kupigwa mchanga kwa kompresa. Uliza wanaopaka matanki na boti. Wanakijua kiwango kinachoitwa Sa 2½, ambapo chuma kinabaki cheupe karibu chote, kikiwa na vijishimo vidogo vinavyoshika rangi. Kuna masharti mawili ambayo sitayalegeza. La kwanza, mchanga wa baharini usitumike, kwa sababu una chumvi na inaingia kwenye vijishimo vyote. La pili, mchanga wa kawaida wenye silika ukipasuka hutoa vumbi linaloharibu mapafu moja kwa moja. Waulize kama wana ganeti, yaani chembe za jiwe gumu, au mabaki ya kuyeyushia shaba. Kama hawana na wanafanya kazi kwa kitambaa usoni, ondoka na gari lako.

Wengi watatumia grenda. Kikombe cha waya huondoa kutu legelege na rangi ya zamani haraka, lakini kina hila: kikikaa sana mahali pamoja, husugua kutu ngumu mpaka ing'ae kama chuma, na rangi ikipakwa juu yake hubanduka baada ya mvua za kwanza. Kwa hiyo baada ya waya pita na diski ya msasa namba 60 au 80 mpaka uone mng'ao mweupe wenye mikwaruzo. Vaa miwani inayofunika macho pande zote, si ya jua, maana waya za kikombe hicho hukatika na kuruka. Maski ya vumbi nayo ni lazima, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Sehemu ngumu zaidi ni pale bati mbili zilipolaliana, kama kwenye masikio ya bodi na mabano ya mabomba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huzisukuma bati hizo mbalimbali mpaka zipinde. Ukiona bati limevimba kwenye maungio, msasa hautafika ndani. Suluhisho moja ni kulikata na kuchomelea upya. Jingine ni kuchokonoa kwa msumeno mwembamba, kukausha kwa joto, na kuacha nta ya mwisho ipenye. La pili ni la kuahirisha tu.

Ukipata chuma cheupe, saa inaanza kuhesabu. Kando ya bahari kitaanza kuwa na rangi ya chungwa jioni hiyohiyo. Ndiyo maana usisafishe chasisi nzima kisha ukaenda kutafuta rangi. Safisha sehemu unayoweza kuipaka praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, siku hiyo: nusu ya nyuma leo, ya mbele kesho.

Kuchomelea

Kuchomelea kunakuja kabla ya rangi, na mbali kabisa kabla ya nta. Toa tanki, sogeza mabomba ya breki na mafuta, ondoa waya zote mbili za betri; kwa injini za Td5, zilizoanza 1998, chomoa pia plagi za kompyuta ya injini. Waya wa ethi wa mashine, ule unaorudisha umeme, ufungwe karibu na unapochomelea, kwenye chuma kitupu. Mtu mmoja akae na ndoo ya maji na kizima moto akitazama upande wa pili wa bati, kwa sababu moto huanzia upande usiouona.

Fundi mzuri hukata mpaka afike kwenye chuma kizima, hata kama shimo la kidole linageuka kuwa la kiganja. Ukisikia, "Bosi, hapa tunapiga puti na faiba, haitaonekana," jibu ni fupi: "Hapana fundi, kata." Chasisi inabeba uzito na kupinda kila gari linapopanda tuta. Puti haibebi kitu.

Kiraka kiwe cha chuma laini chenye unene sawa na bati la chasisi au zaidi kidogo. Pindisha kizunguke kona ya boksi badala ya kukibandika ubavuni tu, na ncha zake zikatwe kwa mshazari, mfano wa ncha ya mkuki. Mshono unaokata mhimili wima, kutoka juu hadi chini, huanzisha ufa papo hapo mshono ulipo. Usifunike tundu la kutolea maji. Kama kiraka kinapita juu yake, toboa jipya kabla hujachomelea. Baada ya hapo gonga maganda ya welding, sugua mshono, futa moshi mweupe uliobaki.

Dawa ya kutu: lini na lini hapana

Maduka ya rangi yanauza dawa zinazogeuza kutu kuwa nyeusi, nyingi zikiwa na asidi ya tanini au ya fosfori. Zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba, ngumu, iliyobaki vijishimoni baada ya msasa. Kwenye maganda hazipenyi; huwa nyeusi juu na kuendelea kuwa kahawia chini. Kwenye chuma cheupe hazina kazi. Fuata chombo kinachosema: nyingine zinatakiwa kuoshwa kwa maji kabla ya rangi, na baadhi ya rangi za epoksi hazikubali kuwekwa juu ya asidi iliyobaki. Kwa mtu aliyepiga mchanga vizuri, hatua hii unairuka.

Hivyohivyo kwa praima ya zinki. Zinki hulinda chuma kwa kuliwa badala yake, ila lazima iguse chuma kitupu. Ukiipaka juu ya kutu iliyogeuzwa au rangi ya zamani, umelipia zinki ukapata praima ya kawaida. Kwa chasisi iliyosafishwa kwa grenda, nachagua epoksi ya kuchanganya na hadina, yaani kigumushi chake, ile inayoruhusiwa kwenye chuma kilichosafishwa kwa mkono. Oksaidi nyekundu ya dukani ni ya bei nafuu na ni bora kuliko kuacha tupu, lakini peke yake inapitisha unyevu, na chini ya gari haitakufikisha mbali.

Kupaka

Futa chuma chote kwa kitambaa safi chenye thina ya rangi hiyohiyo, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi.

Kwa mtu anayefanya nyumbani, brashi ni bora kuliko kupuliza. Brashi husukuma rangi ndani ya vijishimo na nyuma ya mabano, haipotezi rangi hewani, na haikuweki kwenye wingu la kemikali. Kupuliza kunafaa bodi ikiwa imetolewa na fundi ana vifaa. Kama koti ya mwisho itakuwa ya poliyurithani yenye hadina, hiyo hadina ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na maski ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Anayepuliza anahitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Gereji isiyo nayo ipake kwa brashi.

Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye debe, kwa chombo chenye alama, si kwa macho. Nyingine zinataka kupumzika dakika kadhaa baada ya kuchanganywa. Muda wa kutumika ulioandikwa mara nyingi umepimwa kwenye nyuzi 20 au 25. Joto la Dar es Salaam huupunguza sana, kwa hiyo changanya kidogokidogo, kwenye bakuli pana badala ya kopo refu, maana ikirundikana hujipasha moto yenyewe na kuganda. Ikianza kuvuta kamba kwenye brashi, imwage. Usiiongezee thina kuifufua.

Anza na kingo. Rangi ikikauka hujivuta, na kwenye ncha kali hubaki nyembamba. Kutu nyingi inayorudi huanzia hapo. Zungushia brashi kingo zote, mishono ya welding, matundu na vichwa vya bolti, ndipo upake koti kamili ya kwanza. Koti ya pili iwe ya rangi tofauti na ya kwanza ili uone ulipokosa. Lengo ni unene wa maikroni 200 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) koti zote mbili zikishakauka. Rangi yenye asilimia 60 ya vitu vigumu, yaani visivyoruka hewani, ukiipaka maikroni 167 ikiwa mbichi, inabaki 100 ikikauka. Vichana vidogo vya kupimia rangi mbichi vinauzwa, na ukikosa, angalau pima kwa debe: chasisi ikionekana imepakwa yote na debe bado limejaa, umepaka nyembamba.

Zingatia muda kati ya koti na koti. Epoksi ina dirisha lake: mapema mno thina inanaswa ndani, ukichelewa mno ya pili haishiki bila msasa.

Koti ya juu inahitajika kwa sababu epoksi hupauka na kutoa unga juani. Sehemu za ndani kabisa hazioni jua, lakini pembe na krosimemba ya nyuma zinaona. Kuhusu rangi yenyewe, watu wote wanataka nyeusi. Mimi naweka kijivu cha mpauko. Kwenye kijivu mstari wa kwanza wa kutu unaonekana kutoka mbali, na oili inayovuja inajionyesha ilikotoka. Nyeusi huficha vyote viwili hadi siku ya nyundo.

Usipake: sehemu za ethi (pale waya za umeme zinapofungwa kwenye chuma), raba za bushi, mabomba laini ya breki, shafti ya shokapu, vipumulio vya difu, nyuzi za bolti. Orodha hiyo iandike kwa chaki ukutani kama una wasaidizi vijana.

Nta ndani ya boksi

Ngoja rangi ikomae, wiki moja hivi kwa joto la pwani, ndipo uje kwenye kazi inayolinda kweli. Unataka nta ya kupuliza ndani ya chasisi, au mafuta mazito yatokanayo na sufu ya kondoo, na bomba jembamba lenye pua inayotawanya pande zote. Baadhi ya gereji zinazotunza magari ya utalii Arusha na Nairobi zinayo. Ingiza bomba kupitia tundu mpaka mwisho wa mhimili, fungulia, livute polepole huku linapuliza, kisha rudia kutoka upande mwingine. Nta ikianza kudondoka kwenye matundu ya chini na kutokeza kwenye maungio ya bati, umefika. Krosimemba na mikono ya pembeni nayo ina uwazi; usiisahau. Baada ya saa chache pita kila tundu la maji kwa waya, kwa sababu nta yenyewe huliziba, na boksi lililozibwa chini ni tanki la maji.

Andika kwa rangi mahali panapoonekana kwamba ndani kuna nta. Mtu atakayekuja kuchomelea baadaye lazima ajue, maana inashika moto.

Watauliza kuhusu oili chafu. Ni kweli oili chafu iliyochanganywa na dizeli inazuia maji, na wazee wameitumia miaka mingi. Lakini huvimbisha raba za bushi na mabomba, inakamata vumbi likawa gome, inadondoka ardhini unapoegesha, na siku ukitaka kupaka rangi haitatoka yote.

Kurudisha

Bolti mpya zenye zinki, nyuzi zipakwe grisi. Palipo na aluminiamu dhidi ya chuma, weka kipande cha raba au washa ya nailoni katikati, na bolti za chuma kisichoshika kutu zitumike hapo kwa uangalifu tu, kwa kuwa zinaharakisha aluminiamu kuliwa. Sehemu za ethi zikwanguliwe zing'ae, zifungwe, ndipo zipakwe grisi juu. Land Rover yenye ethi mbaya hukupa magonjwa ya umeme ambayo hakuna fundi atakayeyamaliza. Mabomba ya breki yaliyo na kutu yabadilishwe sasa yakiwa wazi. Toa hewa kwenye breki, kaza upya bolti zote baada ya siku chache za kutembea, na jaribu mahali tambarare kabla ya kuteremka milima ya Sekenke au Kitonga.

Kila mwaka kabla ya masika lala chini ya gari na tochi. Mikwaruzo ya mawe ipigwe msasa na kuguswa epoksi siku hiyohiyo. Matundu yazibuliwe. Nta ya ndani iongezwe kila baada ya miaka miwili, au kila mwaka kwa gari linalopita ufukweni au linalobeba samaki, na gari la namna hiyo lioshwe chini kwa maji ya bomba jioni ileile, likiwa bado bichi kabla chumvi haijakauka.